Kurudi Mbioni Baada ya Kujifungua

Haya ni mazungumzo ya afisa wa mawasiliano ya umma wa kaunti kwa wakazi waliokutana ufuoni mjini Kilifi, Jumamosi asubuhi, kujiandaa kwa msimu wa mbio na triathloni za ridhaa. Tumeyachapisha kwa ombi la waliokuwapo.

 

Wengi wenu mnanijua kwa maandishi kuliko kwa sura. Mimi ndiye ninayewaletea matangazo ya chanjo, mialiko ya kutoa maoni kuhusu bajeti, na habari za barabara itakayofungwa. Kazi yangu ya kila siku ni kuandika maneno ambayo wengine wanakuja kuyasoma jukwaani. Leo nimeambiwa nisome yangu mwenyewe, na sitawaficha, mikono inatetemeka kidogo.

Nimeombwa nizungumze juu ya kurudi. Anayeanza mbio hupata walimu wengi. Kila mtu ana ushauri wa viatu, wa chakula na wa saa ya kuamka. Lakini anayerudi, baada ya ugonjwa, ajali au kujifungua, huambiwa "pole pole" na kuachwa hapo. Hakuna anayemwambia pole pole hiyo ni kiasi gani, wala inaanzia wapi. Mimi niliirudia michezo vibaya kwanza, nikaumia, ndipo nikarudi vizuri. Nitawaeleza yote mawili, na mengine yatakuwa ya aibu kidogo. Naomba mnivumilie.

MCHEZO WENYEWE

Kwa wanaousikia leo kwa mara ya kwanza, triathloni ni michezo 3 ndani ya shindano moja. Unaogelea, unatoka majini na kupanda baiskeli, kisha unaiacha baiskeli na kukimbia hadi mwisho. Saa haisimami hata unapofunga kamba za viatu.

Si mchezo wa kale. Mwaka wa 1974 klabu moja ya wakimbiaji huko San Diego, Marekani, iliandaa shindano la kukimbia, baiskeli na kuogelea ili wanachama wapate kitu tofauti na mazoezi ya uwanjani, na hapo ndipo triathloni ya leo ilipoanzia. Mwaka wa 2000 ukaingia katika Michezo ya Olimpiki kule Sydney: kuogelea kilomita 1.5, baiskeli kilomita 40 na mbio kilomita 10. Sisi watu wa ridhaa, wenye kazi na watoto, mara nyingi tunashindana kwa nusu ya hapo: mita 750 majini, kilomita 20 kwa baiskeli na kilomita 5 kwa miguu.

Mbio za Kenya zikitajwa, watu hufikiria Iten na Eldoret, na ni haki yao. Lakini mchezo huu unaanzia majini, na maji tunayo sisi.

Mimi nilianza kukimbia nikisomea uandishi wa habari Nairobi. Niliporudi Pwani kikazi nikajifunza kuogelea ukubwani, nikanunua baiskeli ya mtumba, na nikiwa na miaka 29 nikamaliza triathloni fupi kwa saa 1 na dakika 32. Niliiandika namba hiyo kwa kalamu ukutani, nyuma ya mlango wa chumba chetu. Iko hapo mpaka leo, na ndiyo iliyonitia taabuni.

KOSA LANGU

Nilipata mtoto wa kike nikiwa na miaka 33, kwa upasuaji. Sheria ya ajira ya mwaka wa 2007 inampa mama likizo ya miezi 3 yenye malipo kamili. Nilikaa nyumbani miezi hiyo, nikarudi ofisini, na wiki ileile nikavaa viatu vya mbio.

Nilijiambia kwamba kama nimepona vya kutosha kuketi ofisini kutwa nzima, basi nimepona vya kutosha kukimbia. Mavyaa yangu aliniona natoka alfajiri, akaniuliza, "Mwanangu, kidonda hakijapoa, unakimbilia nini?" Nikamjibu kwa adabu kwamba daktari ameshaukagua mshono. Ilikuwa kweli. Daktari aliukagua mshono, lakini sikumuuliza kuhusu kukimbia. Sheria ilinipa tarehe ya kurudi kazini, nami nikaifanya kuwa tarehe ya mwili.

Siku ya kwanza nilikimbia kilomita 5 kwenye njia ya Bofa. Kabla sijamaliza ya pili, mkojo ulinitoka.

Naona baadhi yenu mnatazama chini. Nami nilitazama chini kwa miezi 6. Sikumwambia mume wangu, sikumwambia daktari, sikumwambia rafiki ninayekimbia naye. Nilifanya mambo mawili. Nilinunua suruali nyeusi ya mazoezi, na nikaacha kunywa maji kabla ya kukimbia. Katika joto letu hili, mama anayenyonyesha, anayekimbia, ananyima mwili wake maji ili asionekane. Tungekuwa na tangazo la kumkataza mtu kufanya hivyo, mimi ndiye ningeliandika.

Wakati huohuo kila jioni niliitazama ile namba ukutani. Nikaongeza umbali, na kila wiki nikaongeza na mwendo. Nilikuwa nakula vibaya, nalala kwa vipande, nanyonyesha, na nashindana na msichana wa miaka 29 ambaye hakuwa na lolote kati ya hayo. Baada ya wiki 5 muundi wa mguu wa kushoto ukaanza kuniuma mahali pamoja, padogo, pa kufunikwa kwa kidole gumba. Nikapaka dawa ya kuchua, nikaendelea. Wiki moja baadaye nilishindwa kushuka ngazi za ofisi.

Picha ya kwanza ya eksirei haikuonyesha kitu. Hilo si ajabu, maana ufa mwembamba wa mfupa mara nyingi hauonekani mapema. Ulithibitishwa baadaye: mfupa umechoka, umeanza kupasuka. Nikaambiwa nipumzike wiki 8 bila kukimbia.

Katika wiki hizo niliandika, kwa ajili ya hafla moja, hotuba iliyosema kwamba michezo ni afya. Niliiandika mguu ukiwa juu ya kiti. Wiki 8 zilipokwisha, sikurudi. Viatu nikampa mdogo wangu. Walioniuliza niliwaambia sina wakati, kwa sababu mama wa mtoto mdogo akisema hana wakati hakuna anayembishia.

ALIYENIULIZA

Mtoto alipofika miezi 9 nilimpeleka zahanati kwa chanjo ya surua. Muuguzi alimchoma sindano, akaandika kwenye kitabu, akampima uzito. Kisha, kabla ya kumwita mwingine, akanitazama na kusema, "Na wewe mama, hujambo?"

Nilifungua kinywa niseme sijambo, nikaanza kulia. Nikamweleza yote pale pale, mtoto naye analia kwa sindano, tukawa wawili.

Hakushangaa hata kidogo. Aliniambia mambo ambayo nataka kila mama hapa aondoke nayo.

La kwanza, kutokwa na mkojo unapokimbia, unapokohoa au unapocheka baada ya kuzaa ni jambo linalowapata wanawake wengi. Lakini kuwapata wengi hakufanyi liwe jambo la kuvumiliwa maisha yote. Misuli iliyo chini ya nyonga, ile inayobeba kibofu na kizazi, imebeba mimba miezi 9. Imelegea. Misuli hufunzwa.

La pili, namna ya kuifunza. Unakaa au unalala, unaikaza kana kwamba unazuia mkojo na upepo kwa pamoja, unahesabu pole pole hadi 5 au kadiri unavyoweza, unaiachia kabisa, unarudia mara 8 hadi 10. Unafanya hivyo mara 3 kwa siku, kwa muda usiopungua miezi 3. Usizuie pumzi, na usifanye mazoezi hayo kwa kukatiza mkojo chooni. Unaweza kuyafanya ukiwa kwenye matatu na abiria wa pembeni asijue.

La tatu, na hili alilisema kwa uzito. Mama ambaye mkojo au choo kinamtoka mfululizo, mchana na usiku, hasa baada ya uchungu wa muda mrefu, huyo hana ulegevu wa misuli tu. Huenda ana fistula, yaani tundu lililotokea wakati wa kujifungua. Fistula inatibika, na wengi wanapona kwa upasuaji. Haitokani na uchawi wala laana. Mama huyo apelekwe hospitali, na asifichwe nyumbani.

NILIVYORUDI

Nikaanza upya. Mara hii niliuchukulia mwili kama mtu anayejifunza, na sikumlazimisha afanane na mtu aliyekwisha kufuzu.

Miezi 3 ya kwanza sikukimbia hata hatua moja. Nilifanya mazoezi ya muuguzi, nikatembea, na mara mbili kwa wiki nikajenga nguvu za miguu: kuchuchumaa na kuinuka, kupanda na kushuka ngazi, kuinuka kwa vidole vya miguu nikishika ukuta. Wataalamu wa viungo wanashauri mama asianze kukimbia kabla ya miezi 3 tangu kujifungua, na wengi huhitaji zaidi ya hapo. Miezi 3 ni mlango wa kwanza, na mwenye dalili kama zangu bado hajaufikia. Mimi nilikimbia tena mtoto alipotimiza mwaka mmoja.

Kipimo changu kilikuwa hiki: niweze kutembea haraka dakika 30 bila maumivu, bila uzito chini ya tumbo, na bila kulowa. Nilipoweza, nikakimbia dakika 1 na kutembea dakika 2, mara 8, basi. Siku iliyofuata nilipumzika. Wiki kwa wiki dakika za kukimbia zikaongezeka na za kutembea zikapungua. Nilijiwekea sharti la kuongeza kitu kimoja kwa wakati mmoja. Wiki ya kuongeza umbali, mwendo unabaki palepale.

Nitawaeleza ni kwa nini, maana hapa ndipo wengi wanaorudi huumia, wanaume kwa wanawake. Moyo na mapafu hurudi upesi. Baada ya wiki chache unaona pumzi imekubali, unafurahi, unaongeza. Lakini mifupa na kano zinahitaji miezi. Pumzi inakwambia twende, mfupa bado unajenga. Ukiisikiliza pumzi peke yake utafika nilipofika mimi, ngazini, ukishindwa kushuka.

Pia nilijifunza kula. Anayenyonyesha na kukimbia anahitaji chakula zaidi ya alichozoea: maziwa, samaki, kunde, mayai, mboga za majani, wali au muhogo wa kushiba. Na maji nilirudi kuyanywa. Katika joto na unyevu wa Pwani moyo hupiga haraka zaidi kwa mwendo uleule, kwa sababu unasukuma damu kwenye misuli na kwenye ngozi pia ili upoe. Kwa hiyo kasi ya asubuhi ya baridi ya Nairobi isikupe kiburi huku, wala kasi ya hapa isikuvunje moyo. Kipimo rahisi ni mazungumzo. Ukiweza kusema sentensi nzima unapokimbia, mwendo wako wa siku ya kawaida uko sawa.

Wanaume mlio hapa, msiende kununua madafu kwanza. Haya yanawahusu. Sheria ileile inampa baba wiki 2 za likizo yenye malipo. Mume wangu alizimaliza, lakini kilichonirudisha mbioni ni kwamba mwaka mzima baadaye aliamka saa 11 alfajiri, siku 3 kwa wiki, kukaa na mtoto. Bila mtu wa kushika mtoto, mpango wote niliowaeleza ni karatasi tu. Na bodaboda walioniuliza kila asubuhi, "Mama, unakimbia nani?", nawashukuru pia. Baada ya mwezi walianza kuniuliza mbona jana sikupita.

Mwanamke mwenzetu Faith Kipyegon alijifungua mwaka wa 2018. Mwaka uliofuata akapata medali ya fedha ya mita 1,500 katika mashindano ya dunia kule Doha, kisha dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo mwaka wa 2021 na ya Paris mwaka wa 2024. Tunajivunia. Lakini kukimbia ndiyo kazi yake, na ana wakufunzi na madaktari wa kumfuatilia. Mama wa ridhaa asiupime mwezi wake kwa mwezi wa Faith. Achukue kwake jambo moja, kwamba kuzaa si mwisho wa mbio.

BAHARI

Kurudi majini kulikuwa na somo lake. Niliogopa kuogelea peke yangu, na nashukuru kwamba niliogopa. Nikamwendea mzee mmoja mvuvi wa Mnarani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unaogelea kwenda wapi?"

"Siendi popote, mzee. Nafanya mazoezi."

Akacheka. "Basi kama huendi popote, una haraka gani? Ngoja maji yasimame."

Alimaanisha muda ule mfupi kati ya maji kujaa na kupwa, ambapo mkondo unatulia. Hori yetu hii inayopita chini ya daraja huvuta kwa nguvu maji yanapotoka, na siku za bamvua, mwezi mpevu au mwezi mchanga, huvuta zaidi. Siku za maji mafu ni nafuu. Msimu wa kusi bahari ya wazi huchafuka, na muogeleaji wa ridhaa akae ndani ya mwamba au asubiri. Haya wavuvi wetu wanayajua bila simu. Kabla ya kuingia majini waulizeni wao na vikundi vya BMU vilivyo kwenye kila bandari ya samaki.

Mzee alinipa sheria nyingine. "Mkondo haubishani na mtu. Ukikuvuta usirudi nao uso kwa uso. Lala chali, upumzike, kisha ukate kwa upande." Akanifuata na mtumbwi wake kila Jumapili kwa miezi 4, nami nikamlipia muda wake kama anavyolipwa kwa kazi nyingine. Nawaomba mfanye hivyo. Kofia ya kuogelea iwe ya rangi kali ili mwenye chombo akuone, na usiingie kamwe bila mtu anayejua kwamba umeingia.

SIKU YA SHINDANO

Mtoto alipokuwa na mwaka mmoja na nusu nilirudi kwa mlango mdogo: timu ya kupokezana. Mmoja aliogelea, mwingine akaendesha baiskeli, mimi nikakimbia kilomita 5 tu. Kama unarudi, anza hapo. Utasikia harufu ya shindano bila kubeba gunia zima.

Miezi kadhaa baadaye nikasimama mwenyewe kwenye mstari, kofia kichwani, maji yamesimama kama mzee alivyotabiri. Baada ya mita 200 hivi mtu alinipiga teke la bahati mbaya, nikameza maji, na pumzi ikakataa. Nilifikiria kuinua mkono nitolewe. Nikageuka chali, nikatazama mbingu, nikahesabu hadi 10, nikahesabu tena. Mtumbwi ukasogea. Nikasikia, "Hakuna haraka, mwanangu." Nikageuka, nikaendelea. Nilitoka majini wa tatu kutoka mwisho.

Baiskeli ilikwenda vizuri. Kushuka na kuanza kukimbia, miguu ilikuwa kama mbao, kama inavyokuwa kwa kila mtu katika mchezo huu. Nilitembea mlimani. Nilipoteremka, mkojo ulinitoka kidogo. Nawaambia kwa sababu sitaki mtu aondoke hapa akidhani nilipona siku moja kwa muujiza. Nikichoka sana bado hutokea, mara chache. Lakini asubuhi ile nilikuwa nimekunywa maji yangu yote, na sikuangalia nyuma kuona nani ananitazama.

Nilimaliza kwa saa 1 na dakika 51. Dakika 19 nyuma ya yule msichana wa ukutani. Mavyaa alikuwa amembeba binti yangu kwenye utepe, na mtoto akaninyooshea hamri aliloliuma nusu. Nililila lote, kabla hata ya maji. Jioni nikachukua kalamu nikaandika 1:51 chini ya 1:32. Sikufuta ya juu. Ni za watu wawili tofauti, na wote wanakaa nyumba moja.

MNAYOWEZA KUFANYA KUANZIA LEO

Si lazima ufanye triathloni. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Ukigawanya, ni dakika 30 za kutembea kwa haraka, siku 5. Wengi wetu tunaweza kuanzia hapo.

Kwa anayerudi baada ya muda mrefu, hasa mwenye miaka zaidi ya 40, au mwenye shinikizo la damu, kisukari au ndugu waliougua moyo, pimwa kwanza. Wahamasishaji wa afya ya jamii wanaotembelea nyumba zenu wana vifaa vya kupima shinikizo la damu na sukari. Waulizeni. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi kusiko kwa kawaida ni ishara ya kusimama na kwenda hospitali, na haifai kuvumiliwa hadi kesho.

Maumivu ya mfupa yaliyo mahali pamoja, yanayoongezeka ukikanyaga na kukuamsha usiku, usiyapake dawa ya kuchua ukaendelea. Simama, ukachunguzwe.

Barabarani, mwenye baiskeli apite kushoto, avae helmeti, na awe na taa na nguo inayong'aa. Mkimbiaji akimbie akitazamana na magari. Barabara ya Mombasa na Malindi haina huruma alfajiri. Chagueni njia za ndani. Na madereva wa matatu na malori mnaonisikia, yule mnayempita kwa sentimita chache ana mtu anayemsubiri na hamri.

La mwisho ni dogo na halina gharama. Mnapokwenda kumwona mtoto mchanga, mnamtazama mtoto, mnasifu pua ya babake, mnaacha sabuni na sukari. Kabla ya kuondoka, mgeukieni mama. Muulizeni kama alivyoniuliza yule muuguzi, "Na wewe mama, hujambo?" Kisha nyamazeni, mngoje jibu. Mimi lilinichukua miezi 9 kulitoa, na nisingeulizwa, viatu vyangu vingekuwa bado miguuni mwa mdogo wangu.

Kwa habari hiyo, alikataa kunirudishia. Ilinibidi ninunue vingine.

Wanaotaka kutembea nasi, tunaanza Jumamosi ijayo hapahapa, saa 12 asubuhi, mwendo wa mazungumzo. Njooni na maji ya kunywa. Mungu awabariki.